Mama Hakuona Kitu

6 Februari

Kaka,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi mko salama na watoto wameshazoea shule mpya. Sisi huku tunapumua. Kibonge wangu ameota jino la pili na anamng'ata kila anayembeba, shemeji yako bado yuko safarini na lori lake, na Mama anakusalimu sana. Anasema upunguze chumvi. Amejuaje kama unakula chumvi nyingi, muulize yeye.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Usicheke. Laini yangu ya simu nimeivunja kwa meno. Kuna mtu, sijui nani, aliandika namba yangu chini ya ile video, eti huyu ndiye mtoto wa bibi, na tangu hapo simu haikupoa. Wengine wanatoa pole, wengine wanacheka tu halafu wanakata. Mmoja kaniuliza kama tuna friji, aje na wenzake. Mama akasema basi, mwandikie kaka yako kama watu wenye heshima zao. Karatasi hairekodi mtu.

Wewe umeona tu kwa ile kamera uliyotufungia sebuleni, kwa hiyo acha nikueleze nilichokikuta mimi. Asubuhi nilikwenda kushona kama kawaida, tuna oda kubwa ya sare za shule. Nilimwacha Mama na Kibonge. Mchana nikarudi kunyonyesha. Geti liko wazi. Mezani hakuna tivii, waya wa antena unaning'inia. Redio hakuna, pasi hakuna, hata mtungi wa gesi wameufungua na kuondoka nao, maharage yamebaki jikoni nusu mabichi. Mama amekaa sakafuni, ameegemea mlango wa chumba changu, Kibonge yuko mapajani. Nikamwuliza, Mama, kuna nini? Akasema, "Walikuja mafundi."

Mafundi! Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia.

Mengine unayajua, maana dunia nzima inayajua. Vijana watatu wanaingia sebuleni. Mama amevaa ile miwani yake nyeusi, anapapasa ukuta, anasema, "Karibuni wanangu, mmekuja kuchukua tivii? Afadhali, nimewasubiri mpaka nimechoka." Anawaonyesha viti. Anauliza kama mama zao hawajambo. Na yule mrefu anapoinyanyua tivii, Mama anamwambia, "Shikeni vizuri, isianguke."

Kaka, najua uliirusha ile video ili watu wawatambue wezi. Hakuna aliyewatazama wezi. Wote wamemtazama Mama. Sasa hivi anaitwa Bibi Shikeni Vizuri. Watoto wanapita getini wanaimba. Juzi namfunga mteja tepu kiunoni nimpime, akaniambia shika vizuri, isianguke, duka zima likaanguka kwa kicheko. Nimekata nguo yake fupi kidogo. Sijui kama nilikosea au nilikusudia.

Nakuomba uiondoe. Mimi ndiye ninayeomba, kwa sababu Mama mwenyewe hataki iondolewe, na hilo ndilo linalonichanganya. Nikimwambia watu wanamcheka, ananijibu, "Waache wacheke. Mwambie kaka yako asiongeze kitu na asipunguze kitu." Polisi walikuja wakaandika. Aliwaambia yeye ni mzee, macho yamekwisha, aliona vivuli tu.

Tusalimie wifi.

Mdogo wako

*

15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika imekunjamana lakini imefika. Huku tu wazima. Wifi yako alikuwa na mafua, yamekwisha. Mtoto mkubwa kawa wa tatu darasani, anatembea kama mbunge. Chumvi nimepunguza, mwambie.

Unafikiri wanacheka huko tu? Mimi kutwa nzima niko juu kwenye kibanda cha kreni, peke yangu na kunguru, nimenyanyua mzigo wa nondo, mara redio inaita: "Fundi, shika vizuri, isianguke!" Na uwanja mzima chini unacheka, mpaka msimamizi, mtu mzima na mvi zake. Siku moja niliuacha mzigo ukining'inia hewani, nikakaa kimya mpaka walipoomba radhi. Nimepewa onyo. Potelea mbali.

Yule ni mama yetu. Mwanamke aliyetulea kwa kufua nguo za watu, ambaye hata muuza duka alimwogopa kwenye mizani, leo anafanywa kikaragosi. Roho inaniuma, sikufichi.

Sasa niambie ukweli, akili yake ikoje? Maana macho hayana kasoro. Mwaka jana baada ya upasuaji wa macho, mimi mwenyewe nilipokuwa likizo, alinitoa kibanzi kidoleni bila miwani yoyote. Ile nyeusi daktari alimpa kwa ajili ya jua tu. Sasa kwa nini alikuwa anapapasa ukuta ndani ya nyumba yake? Na mafundi gani anaowangoja? Kama umri umeanza kumchezea, usinifiche kwa kuniandikia habari za meno ya Kibonge.

Kuiondoa hakusaidii. Watu wameshainakili, wameitia muziki, wengine wamemwekea Mama mwili wa katuni. Dawa ni kuwaonyesha kwamba yule si mjinga. Kuna mtangazaji mmoja wa redio ananipigia kila siku, anataka kuzungumza na familia. Nilikuwa nimemkatalia. Sasa naanza kufikiri upya. Hili niachie mimi.

Sijaitazama rekodi yote. Niliikata pale wanapotoka, nikairusha, nikapanda kazini. Baadaye kila nikitaka kuitazama, mkono unakuwa mzito.

Kaka yako

*

24 Februari

Kaka,

Shikamoo. Wote wazima. Barua hii anakuja nayo dereva mwenzake shemeji yako, atakuja kukupa mkononi, kwa hiyo isome peke yako na ukimaliza ichome.

Uliuliza akili ya Mama ikoje. Kaa chini.

Jumapili nilimkuta anachambua maharage. Pazia ameshusha, miwani ameiweka kando, anatoa vijiwe vidogo kuliko hata mimi ninavyoweza kuviona. Nikamwambia, Mama, unaona jiwe kama punje ya mchanga, hukuona wanaume watatu? Akaenda kufungua bomba la maji lipige kelele, ndipo akarudi akanivuta karibu.

Aliwaona, Kaka. Aliwaona kuanzia mlangoni. Mmoja alikuwa na kisu, amekibana pajani, kamera yako haikukiona kwa sababu alikuwa upande wa kabati. Kibonge alikuwa amelala chumbani kwangu, mlango umerudishwa tu. Mama anasema, "Nilijua nikipiga kelele mtoto ataamka. Na nikiwaonyesha kwamba nimewaona sura, hawatatuacha." Basi akaweka mkono ukutani. Tivii ilikuwa inatusumbua kweli, inaonyesha mistari, ndiyo maana neno la kwanza lililomjia ni mafundi.

Unakumbuka pale mwenye kofia anapouliza, "Bibi, humo ndani kuna nini?" Na Mama anamjibu, "Choo, kimeziba tangu jana, naomba mnizibulie na chenyewe." Pale ndipo watu wamecheka kupita kote. Kile hakikuwa choo. Ulikuwa mlango wa chumba changu. Mwanangu alikuwa nyuma ya ule mlango. Nimeitazama mara kumi kabla ya kuvunja laini, na mimi pia nilicheka pale, Mungu anisamehe.

Na kuna jingine. Mmoja wao Mama anamjua. Anapita hapa mtaani, anamsalimia mpaka leo, na kama wengi hapa anadhani ile miwani ni ya asiyeona. Nimemwomba aniambie ni nani, amekataa katakata. Anasema, "Uso wako hauna pazia, utakutana naye dukani utabadilika rangi." Kwa hiyo sasa kila kijana anayeniambia habari za saa hizi, najiuliza.

Neno lake kwako ni hili, nalinukuu: "Tuko hai kwa sababu wanaamini mimi ni kipofu na punguani. Kila anayecheka ananiongezea siku. Asiguse kitu." Hata polisi amewadanganya kwa sababu hajui nani anamwambia nani. Kaka, usizungumze na huyo mtangazaji. Usiseme neno kuhusu macho ya Mama. Nimekupigia kwa simu ya tajiri wangu tangu Jumatatu mpaka nimeona haya, hupokei, na habari hii haiandikwi kwenye simu ya mtu. Najua hupokei namba usizozijua. Tafadhali pokea.

Mdogo wako

*

26 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, tena za furaha! Wifi yako anakusalimu, watoto wanarukaruka, leo nyumba nzima hapa kuna sherehe.

Nimeitazama. Nilijikaza kiume, nikaitazama rekodi yote mpaka mwisho. Mdogo wangu, unajua kilichomo baada ya wale vijana kutoka? Mama anasimama. Anavua miwani. Anakwenda dirishani moja kwa moja bila kupapasa chochote, anachungulia, anahesabu kwa kidole wanavyotoka getini: mmoja, wawili, watatu. Kisha anarudisha mlango, anaingia chumbani kwako kwa mbio ambazo sijamwona nazo tangu tukiwa watoto, anarudi na Kibonge begani. Halafu anakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa chumba chako. Kumbe alijua! Kumbe alikuwa anawachezea shere muda wote! Nililia kama mtoto, wifi yako ndiye shahidi.

Nikasema, hapa ndipo pa kumrudishia mama yangu heshima. Nimeirusha yote. Na jana nilizungumza na yule mtangazaji, nikamweleza kila kitu: kwamba Mama haoni vibaya hata kidogo, alifanyiwa upasuaji, anaona sindano gizani, na kwamba sura za wale wezi anazo kichwani kama picha. Ungesikia studio walivyopiga makofi.

Sasa haitwi tena lile jina. Anaitwa Bibi Jasiri. Watu wanaandika wanataka mama kama yeye. Msimamizi aliyekuwa akinicheka leo kanipa mkono, akasema, mama yako ni jenerali. Simu hainyamazi, namba nisizozijua nimeacha kupokea, nashindwa.

Najua Mama alisema nisiongeze kitu. Lakini ni unyenyekevu wake tu, unamjua. Akiwasikia watu wanavyomsifu atafurahi. Mwambie asimame getini kidogo, watu wamwone.

Kaka yako

*

14 Machi

Kaka,

Shikamoo.

Barua zetu zilipishana njiani. Yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa kwenye ndoo.

Sikuandika upesi kwa sababu sikujua nikuandikie nini ambacho si tusi. Wewe ni kaka yangu na umefanya kwa mapenzi, hilo nalijua, na halinisaidii kitu.

Watu wamekuja. Wanapiga picha geti, wanapiga picha kamba ya nguo zetu. Askari walirudi pia, mmoja anatabasamu: "Kumbe Bibi unaona! Basi njoo kituoni utuonyeshe." Mama akageuza uso upande ambao hapakuwa na mtu, akajibu, "Siku ile niliona, baba. Ule mshtuko umenimaliza. Tangu pale ni giza tupu." Askari akanitazama mimi. Nilikuwa naosha kikombe. Niliendelea kukiosha mpaka walipoondoka.

Halafu tivii ikarudi.

Jumatano asubuhi nafungua mlango niende kazini, nakuta tivii yetu imesimamishwa pale mlangoni. Imefutwa vumbi, waya umeviringwa vizuri, haina hata mkwaruzo. Hakuna karatasi, hakuna neno. Jirani mpiga kelele akaiona, akatoa simu yake, na kabla sijaiingiza ndani tumesharushwa tena. Utakuwa umeona. Nasikia watu wanalia kwa furaha, wezi wametubu, Bibi Jasiri amewagusa mioyo.

Mama alipoiona aliniuliza jambo moja: "Nani alifunga geti jana?" Mimi ndiye nililifunga, kwa ndani, kwa kufuli. Na asubuhi nilikuta kufuli limefungwa vilevile, na tivii iko upande wa ndani wa geti.

Hawajatubu, Kaka. Wametuambia kwamba wameiangalia video yako mpaka mwisho.

Nikamwambia Mama tuhame, twende kwa mama mkwe wangu, popote. Amekataa. "Nikikimbia nimewaambia kwamba bado naona." Tangu siku hiyo ameanza kuishi kama kipofu kweli. Si mbele ya wageni tu. Ndani pia, na pazia limeshushwa, na mimi tu nipo. Anamwaga chai pembeni ya kikombe. Namwambia Mama, hapa hakuna mtu. Ananijibu, "Lazima nizoee." Kamera yako ameniambia niifunike kwa soksi.

Iondoe. Hata kama haisaidii. Tafadhali.

Mdogo wako

*

22 Machi

Mdogo wangu,

Nimeiondoa. Nimemwandikia mtangazaji naye aondoe mahojiano, amesema atauliza wakubwa wake. Nilizunguka kwa watu walioinakili nikawaomba mmoja mmoja. Wachache wamekubali. Mmoja kaniuliza nitampa nini.

Barua uliyoniletea kwa dereva niliipata wiki tatu baada ya kuirusha, lori lake lilikuwa limeharibika njiani. Nilikuwa juu, wakaniita nishuke, nikadhani ni zawadi nyingine ya kunipongeza. Niliisomea ndani ya kibanda cha kreni. Sijui nilishusha vipi mzigo siku hiyo.

Mtoe Kibonge hapo. Shemeji amchukue, ampeleke kwa mama yake, tena kesho. Na wewe uende. Mama mwambie nakuja kumchukua kwa nguvu kama hataki. Nimeomba ruhusa wamenikatalia, kwa sababu ya lile onyo, mpaka mwezi wa tano. Nimewaambia mama yangu yuko hatarini. Msimamizi akacheka, akasema, "Mama yako? Hatari ni kwa wezi."

Uliniambia nipokee simu. Sasa napokea namba zote. Piga.

Kaka yako

*

17 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Kibonge yuko kwa bibi yake mwingine, shemeji yako alimpeleka. Maziwa yananiuma, nayakamua na kuyamwaga. Nilikupigia siku ile nikakwambia Mama amevunjika nyonga na yuko hospitali, sikutaka kusema zaidi kwa simu ya watu. Sasa nakuandikia lililotokea, mara moja, na tusiliongelee tena hata tukionana.

Unaujua ule mtaro mbele ya maduka, ule usio na kifuniko. Alisema twende tukanunue sabuni. Nikashangaa, maana alikuwa hatoki tena. Akachukua fimbo. Ilikuwa saa sita, watu wametoka kula, vijana wamejaa pale kwa kinyozi na kwa muuza vocha, wale wote wa mtaani. Watu wakaanza kusema, Bibi Jasiri huyo, Bibi Jasiri, simu zikatoka. Nikamshika mkono. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Niachie. Nenda mbele ukaniitie muuza duka." Nikadhani anaona haya kushikwa. Nikamwachia.

Nilipogeuka alikuwa amesimama ukingoni. Akapapasa kwa fimbo upande wa kulia, upande ambao ni salama. Kisha akatia mguu upande wa kushoto.

Kaka, aliuona. Tangu tukiwa wadogo alikuwa akituonya na ule mtaro. Aliuona na akaingia.

Nilisikia mfupa. Watu wengine walipiga kelele, wengine waliendelea kurekodi, na nitakwambia Mama alisema nini aliponiona nimemfikia kule chini kwenye maji machafu. Hakusema nimeumia. Alisema, "Wamerekodi?"

Nikamwambia ndiyo, Mama. Akafumba macho.

Hapo ukingoni waliinama vijana kama saba kumnyanyua, na mmoja wao najua ni yule, kwa sababu Mama alikibana kidole changu mpaka kikaniuma alipokaribia. Sikuinua uso nimtazame. Nilijifunza hilo angalau. Nilitazama mikono tu. Ilikuwa mikono ya kawaida, ina kovu dogo. Ilimbeba Mama kwa upole sana, na ikasema, yaani mwenyewe akasema, "Pole bibi, kumbe kweli huoni." Mama akamjibu, "Asante mwanangu, wewe ni nani?"

Wodini anaendelea hivyohivyo. Wauguzi wanajua ni kipofu. Daktari wa macho alikuja akamulika kijitochi, akasema macho hayana tatizo, huenda ni mshtuko. Siku shemeji yako alipomleta Kibonge amuage bibi yake, wodi ilikuwa imejaa wageni wa watu. Mtoto alimcheka, akamnyooshea mikono. Mama akanyoosha ya kwake pembeni, kwenye hewa. Ilibidi niichukue mikono yake niiweke usoni kwa mtoto. Akampapasa taratibu, masikio, pua, yale meno mawili, huku ametazama dari. Nilitoka nje.

Daktari anasema kwa umri wake huenda asitembee tena.

Anakutuma kitu kimoja. Video ya mtaro ninayo, muuza vocha amenipa, nimeiweka kwenye kadi ndogo humu ndani ya bahasha. Anasema, "Mwambie mwanangu hii airushe. Airushe kama alivyorusha zile. Wale wawili wengine hawakuwepo mtaroni, lazima nao waione."

Mdogo wako

*

5 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na poleni sana. Watoto wazima. Wifi yako alitaka aandike na yeye, akakaa na kalamu, akairudisha.

Kadi ilifika salama. Niliirusha siku ileile. Sikuikata popote. Nikaandika juu yake kwamba huyu ni yule Bibi mnayemjua, amepofuka kabisa, hamtambui mtu, muombeeni. Nilipoandika "amepofuka" ndipo nilipoelewa ninachokifanya, lakini nimekifanya.

Kisha nikangoja.

Hawakuja watu, mdogo wangu. Ile ya kwanza niliirusha nikiwa napanda ngazi ya kreni, nilipofika juu ilikuwa imeshazagaa nchi nzima. Hii nimekaa nayo siku hiyo, kesho yake, wiki nzima. Wameitazama watu wachache mno, na nusu yao ni wa hapa kazini niliowashikia simu machoni. Mmoja aliandika, "Huyu bibi bado yupo?" Mwingine akasema tumechoka na familia hii, wanatafuta umaarufu.

Nimempigia mtangazaji. Yule aliyekuwa akinipigia asubuhi na jioni, sasa hapokei. Nikatumia simu ya msimamizi, akapokea, nikamwambia ni mimi, mtoto wa Bibi. Akasema, "Bibi yupi?" Nikamkumbusha. Akasema ah, pole sana mzee, lakini kwa sasa watu wako kwa yule mbuzi aliyeingia benki. Nimeitazama. Ni mbuzi tu, ameingia benki, mlinzi anamfukuza. Nilimsihi kama ombaomba. Nilimwambia mama yangu amejivunja mwili wake kwa ajili ya hii, karibu nimtobolee siri yote, nikakumbuka nikafunga mdomo. Akasema atajitahidi. Hajajitahidi.

Nimejaribu kuitia muziki. Ndiyo, mimi. Nimekaa mezani usiku nikamtilia mama yangu muziki akianguka mtaroni, nikaona labda wakicheka itasambaa. Wifi yako alinikuta, akaizima kompyuta, akanikumbatia.

Kwa hiyo yule mmoja wa pale mtaani anaamini. Wale wawili sijui. Sijui wako wapi, sijui kama wameona, sijui kama walihitaji kuona au walishasahau tangu mwezi wa tatu. Siwezi kuwauliza. Wamelishika jambo letu wao peke yao, dunia nyingine yote imeliachia.

Wamenipa ruhusa, natoka Ijumaa. Nitakuja moja kwa moja wodini. Usimwambie Mama siku, ili hata akishtuka mlango ukifunguliwa ashtuke kama asiyeona. Nitamwambia ni mimi. Ataninyooshea mkono, atanipapasa uso mbele ya wagonjwa wote, naye atakuwa ananiona nilivyokonda, na hatasema. Nami nitamwambia, Mama, ni mwanao, unanisikia?

Na akikuuliza kabla sijafika, maana najua anauliza kila siku, mwambie imesambaa. Mwambie kuliko zile mbili za mwanzo. Mwambie kila mtu ameiona.

Kaka yako